Deni la Mama Furaha

Tangu Jumapili sipiti tena njia ya soko hapa Pinga, na kosa ni la mdomo wangu.

Nilioa nikiwa nimebakiza mbuzi mmoja wa mahari, na baba mkwe hakuacha kunikumbusha. Jumapili hiyo alikuja kwetu akicheka: mtu wa pikipiki alimfikishia mbuzi mnene wa madoadoa, kwa jina langu. Nikajua kaka yangu wa Kirolirwe amenisaidia hatimaye. Nikapokea shukrani, nikamwambia mke wangu, Mama Furaha, atuletee kasiksi. Alitumiminia pombe huku akinikazia macho. Sikuelewa.

Mara akaingia Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka karibu nasi.

“Papa Furaha, bibi yako alichukua kitu kwangu kwa deni. Alisema utalipa weye.”

Mbele ya baba mkwe, nikavimba.

“Mimi? Nilitia sinyatire kwa karatasi gani? Deni ya bibi njo ya bibi! Hata sheria inasema vile.”

Sheria gani, sijui. Nilikuwa naitunga papo hapo.

Mama Furaha akanikanyaga mguu. Nikadhani anaona haya, nikapandisha sauti mpaka majirani wakasogea.

“Kitu alichukua bila mimi, arudishe yeye mwenyewe!”

“Sawa,” akasema Papa Kambale. “Basi anirudishie mbuzi yangu ya madoadoa.”

Baba mkwe akaweka kikombe chini, taratibu.

“Mukwe,” akauliza, “kumbe mutoto yangu alijioa?”