Siku Nilipoipoteza Mashine ya Mionzi Shelui

Siku ambayo haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, ni ile Alhamisi wajumbe wa posa yangu walipokuja Shelui, na mimi siku hiyohiyo nikapoteza mashine ya mionzi.

Usicheke kwanza. Juzi uliniambia umepata kazi kwenye ofisi inayoandaa maombi ya leseni ya kituo cha umeme wa nyuklia, na kwamba kutwa nzima mnajaza madaftari: nani kaingia, kipimo kimesomaje, kasoro gani imeonekana, taarifa imepelekwa saa ngapi. Ukasema, "Shangazi, ni makaratasi tu." Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unakula. Sasa nakujibu.

Nilikuwa msichana pekee katika maabara ya udongo, wakati barabara yetu inajengwa. Tulikuwa na mashine ya kupima kama udongo umeshindiliwa vizuri. Ndani yake mna chembe ndogo ya mionzi, imefungwa ndani ya madini mazito ya risasi yanayozuia mionzi, na mashine yenyewe inakaa kwenye sanduku la njano lenye kufuli. Haina madhara ikitunzwa. Ikivunjwa na mtu asiyejua, hiyo ni habari nyingine kabisa. Ndiyo maana kampuni iliyojenga barabara ilipewa leseni kwa masharti: sanduku lisitoke stoo bila kuandikwa saa, jina la anayelichukua na mahali linapokwenda. Na likipotea, mamlaka ya mionzi ijulishwe mara moja.

Msimamizi wa hayo yote alikuwa Mzee Mpinga, mtu wa Kinyangiri, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Asubuhi ile aliniachia ufunguo, akaenda kwenye ubatizo wa mjukuu wake. Nami akili yangu yote ilikuwa nyumbani, kwenye mbuzi anayechinjwa na kitenge changu kipya. Saidi, fundi mwenzangu, akaja na gari dogo la mizigo kuichukua mashine.

"Dada, niandikie basi niende."

"Wewe chukua tu," nikamwambia. "Nitaandika baadaye."

Mwanangu, hiyo baadaye ilifika saa tisa alasiri. Nilikuwa nafunga ofisi ili niwahi wageni, Saidi akaingia, uso umempauka. Mlango wa nyuma wa gari ulifunguka kwenye njia ya mchepuko yenye mashimo. Sanduku lilianguka, naye hakujua ni wapi. Alikuwa amerudia njia mara mbili bila kuliona.

"Tusiseme, dada," akanisihi. "Daftarini haimo. Kesho alfajiri nitaipata, hakuna atakayejua."

Nitakwambia ukweli: nilishawishika. Nilifikiria kazi, nikafikiria wakwe watasema nini. Nikashika kalamu niandike saa mbili asubuhi, ionekane kwamba niliandika wakati wake. Kalamu ikiwa hewani, Mzee Mpinga akaingia, bado amevaa suti ya kanisani.

"Shikamoo, Mzee," nikasema, nikilifunika daftari kwa mkono.

"Marahaba, binti. Mbona unalifunika daftari?"

Nikamweleza yote. Saidi akainama. Mzee hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo liliniumiza kuliko kelele. Alivuta kiti, akaketi karibu nami.

"Andika saa ya sasa," akasema. "Andika kwamba ilitoka asubuhi na hukuiandika. Ukiandika saa ya uongo, tutatafuta mahali pa uongo, na huko nje kuna watoto wanaopenda kufungua kila kinachong'aa. Kisha inua simu. Utaongea wewe, siyo mimi."

Nikapiga. Afisa wa mamlaka akauliza namba ya mashine, nikamsomea. Akauliza iliondoka saa ngapi hasa, na kwa njia ipi. Nikasema, "Sikuandika, mheshimiwa." Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yule mtu alinishukuru kwa kupiga mapema, akatupa maelekezo: polisi, viongozi wa kijiji, watu waonywe wasiliguse sanduku.

Basi Shelui yote ikajua. Kipaza sauti cha msikiti kilitangaza sanduku la njano, mwinjilisti akapita na baiskeli akitangaza lilelile. Tangazo likawafikia wajumbe wa posa sebuleni kwetu, wakisubiri chakula, wakaambiwa sanduku ni la ofisini kwangu. Unajua walifanya nini? Waliinuka! Babu wa mume wangu, kofia kichwani na fimbo mkononi, akasema hawezi kula huku binti anayemposea mjukuu wake yuko matatani. Wakashika njia ya mchepuko na viatu vyao vilivyong'arishwa.

Ni babu yule aliyeliona. Mama mmoja muuza vitunguu alikuwa amelikuta barabarani, akaona ni meza nzuri, akapanga mafungu yake juu yake. Jua lilikuwa bado halijazama. Babu hakuligusa. Alisimama kando, akamwomba yule mama asogee, akapunga kofia mpaka tukafika.

Mzee Mpinga alipima kwa kifaa chake pande zote. Kisha akatabasamu, mara ya kwanza siku ile: kufuli zima, kinga ya risasi nzima, mama yuko salama na vitunguu vyake pia. Watu wakapiga vigelegele barabarani pale, malori yakapiga honi bila kujua kwa nini. Tulirudi nyumbani wote tumejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, Saidi na Mzee wakiwemo. Nyama ilikuwa imepoa, tukaila hivyohivyo tukicheka, na posa ikakubaliwa.

Wakaguzi wa mamlaka walikuja baadaye. Walisoma taarifa yangu yote, wakatupa onyo kali la maandishi, wakaagiza sanduku lifungwe kwa mnyororo garini. Leseni haikufutwa. Mkaguzi mmoja aliniambia wazi: tungekaa kimya hata siku moja, wangeifuta.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Andika jambo saa linapotokea, hata kama wageni wako mlangoni. Ukikosea, usifute, piga mstari mmoja, kosa libaki linasomeka, weka saini yako. Na habari mbaya ipeleke ikiwa bado mbichi, kabla hujaanza kuitafutia maneno mazuri. Wanaosoma madaftari yenu hawamtafuti mtu asiyekosea. Wanataka kujua kama ukiwaambia kitu, ndivyo kilivyo kweli.

Nenda kazini kwa furaha. Mungu akupe macho makini na moyo usioogopa kusema ukweli, akuzungushie wakubwa wanaokukanya bila kukudhalilisha, na kila mahali jina lako litakapoandikwa, liwe jina la kuaminiwa. Amina, mwanangu.