Fundo Nililofunga Angani

Tangu siku ile sijafunga tena kitu kwa kamba ya mgomba. Nikipewa mzigo wa kufunga, naomba nailoni au namwachia mwingine. Watu wa soko la Kangeta hunicheka, kwa sababu zamani mikono yangu ilisifiwa pale. Nilikuwa nafunga kitita cha miraa huku nikipiga gumzo, bila kukitazama, na fundo langu lilifika Nairobi bila kulegea.

Kazi hiyo niliifanya kwa vipindi tu. Niliacha shule darasa la sita na sikukaa mahali. Nimechunga ng'ombe wa watu Ruiri, nimeuza chapati kwa wanafunzi Nchiru, nimechimba mchanga Embu mpaka mwenye kazi akachoshwa na maswali yangu. Nilitaka kujua kila kitu kilivyo ndani. Redio ya baba niliifungua nikiwa na miaka tisa, na haikuongea tena.

Baba alipopatwa na kiharusi, nilikuwa nyumbani kwa bahati tu. Mkono wa kushoto ulikufa, mdomo ukapinda, na daktari akamwita dada yangu kando akamwambia tusihesabu wiki, tuhesabu siku. Baba mwenyewe alijua. Aliyekuwa akimngojea ni kaka yetu mkubwa.

Kaka alikuwa Kisumu, mwaka wa kumi na moja sasa. Aliondoka kwa ajili ya mti. Alitaka nafasi ya kujenga nyumba ya mawe, akakata mmoja wa miti ya zamani ya miraa, ile ambayo babu yake baba aliikuta tayari imezeeka. Kwetu Igembe mti kama huo haukatwi. Baba alimwambia mbele ya watu: "Hutakula tena kitu cha shamba hili mpaka nikuite mimi mwenyewe." Neno la namna hiyo huondolewa na aliyelitamka. Akifa nalo linabaki, na watoto hulirithi. Hata wazee wa kanisa letu, ambao Jumapili husema hawaamini mambo hayo, walikuja kumwomba baba afanye haraka.

Simu kaka hakuwa anapokea. Hata angepokea, mwito huu haupigwi kwa simu. Hupelekwa kitita: vijiti teule vya ile miti ya zamani, vilivyochumwa asubuhi hiyo hiyo, vimefungwa na anayeita kwa mikono yake, vikavikwa jani la mgomba. Anayeitwa akikifungua, amekubali. Akikirudisha kilivyo, amekataa. Na sharti kifike kibichi.

Baba alikifunga alfajiri akiwa kitandani, kwa mkono mmoja na ufizi. Kamba ilimponyoka mara nyingi. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akanitazama, nikaurudisha. Mwishowe kukawa na fundo, legevu, limepinda, limelowa mate.

"Kisifunguliwe njiani," alisema. Maneno yalimtoka kwa shida, kwa hiyo aliyasema mara mbili.

Dada alitafuta ndege ya mchana ya Nairobi hadi Kisumu. Nyuma kulikuwa kumejaa, vimebaki viti vya mbele tu, daraja la biashara. Alinunua kimoja bila kuniambia bei.

"Usiguse kitu usichokijua," aliniambia.

"Kwani kuna ninachokijua huko?"

Hakucheka.

Pikapu ya miraa ilinifikisha Nairobi kwa mwendo wake wa kichaa. Uwanjani kitita kilipita kwenye mashine ya kukagua mizigo. Askari akakinusa. "Hii nini, kiongozi? Chakula cha mbuzi?"

"Barua," nilimjibu. Alicheka, akanirudishia bila kuligusa fundo.

Sehemu ile ya mbele tulikuwa wawili. Kiti changu kilikuwa kipana kama kitanda cha hospitali, na cha pembeni kilikuwa kitupu. Upande wa pili wa ujia alikaa mzee mmoja mwenye suti ya kijivu na viatu vilivyong'aa. Mhudumu wa ndege alileta juisi kwenye glasi ya kweli, akaleta na taulo la moto. Nilimtazama mzee nione linafanywa nini. Alijifuta mikono, nami nikajifuta mikono. Halafu mhudumu akafunga pazia nyuma yetu, na sauti za watu zikakatika.

Mzee aligeuka, akaona jani la mgomba mapajani mwangu. Akanisalimia kwa Kimeru.

"Anaitwa nani hapo?"

"Kaka yangu, mzee. Alikata mti."

"Wa zamani?"

"Wa zamani."

Alivuta miguu yake kutoka kwenye ujia, polepole, kama mtu aliyeona kitu sakafuni. "Kishike vizuri, mwanangu. Mimi nililetewa kama hicho nikiwa kijana, nimepata kazi ya ofisi. Nikasema nitaenda Ijumaa."

"Ukaenda?"

"Nilienda Ijumaa, nikakuta wameshazika," alisema, akageukia dirisha. Baada ya muda nikaona kichwa chake kimelala.

Ndege iliingia mawinguni ikaanza kutikisika. Kulikuwa kweupe pande zote, na mwanga wenyewe ulikuwa baridi. Nilibonyeza vitufe vyote vya kile kiti: kikalala, kikainuka, kikatoa mahali pa miguu. Nilipomaliza vitufe, nikabaki na kitita.

Hapa nieleze jambo. Nilikuwa nimetafuna miraa ya kila aina inayopita Kangeta, isipokuwa ya ile miti ya zamani ya baba. Hiyo haikuuzwa. Ilikuwa ya wazee na ya mambo mazito. Tangu utotoni nilikuwa nikijiuliza ina ladha gani. Laiti ningekuwa nyuma, nimebanwa katikati ya mabega ya watu, nisingeweza hata kukunjua mkono. Lakini pale mbele nilikuwa na nafasi, na pazia, na mtu mmoja aliyelala. Fundo lilikuwa legevu. Lilifunguka kwa kidole.

Nilichukua kijiti kimoja, kifupi kuliko vyote. Kilikuwa kichungu kidogo, halafu kitamu. Ilikuwa miraa tu.

Rubani akatangaza tunashuka. Nikarudisha jani haraka na kuifunga kamba, na mikono ikafanya ilichozoea. Nilipoinua macho, mzee alikuwa ameamka, ananitazama. Ndege ilipotua alitoka bila kuniaga.

Kaka alinipokea dukani kwake, anakouza misumari na mabati. Nywele zilikuwa zimeanza mvi. Nilimpa kitita kwa mikono miwili kama nilivyoagizwa. Akakipokea kwa mikono miwili pia.

"Nasikia ni mgonjwa," alisema.

"Kiharusi. Mkono wa kushoto umekufa. Anakungoja wewe, kaka. Twende hata leo."

Alikuwa tayari ameshika ncha ya kamba. Akaacha. Alikileta kitita karibu na macho, akakigeuza.

"Nani amekifunga?"

"Baba."

"Ulimwona?"

"Nilimwona kwa macho yangu."

"Kwa mkono mmoja?" Alinionyesha fundo. Lilikuwa limekaza, dogo, zuri, fundo la sokoni. "Mtu mwenye mkono mmoja hafungi hivi. Ama baba ni mzima na mnanidanganya, ama hili ni lenu, wewe na dada yako, na baba hajaniita."

Nikamwambia ukweli wote, ndege, pazia, kijiti kimoja. Nilisikia mwenyewe jinsi unavyosikika.

"Wewe," alisema, karibu kwa upole, "tangu ile redio, umewahi kukosa hadithi?"

Akanirudishia kitita kilivyo. Niliapa, nikashika miguu yake mbele ya wateja. Akaniinua, akaniambia baba akimwita kweli atakuja hata kwa miguu. Nilimpigia dada aongee naye. Kaka akasema sauti ya dada haikufunga kitu.

Nilirudi kwa basi. Nilifika nyumbani siku ya pili mchana, jani limeshakuwa la kahawia. Baba alikuwa ameinuliwa kwenye mito, anatazama mlango. Alimtafuta kaka nyuma yangu, halafu akatazama mikono yangu.

Nilimwekea kitita kifuani. Alikipapasa kwa ule mkono mzima mpaka akafika kwenye fundo. Kidole chake kikasimama pale. Dada alikuwa dirishani, amenipa mgongo.

"Fungua," baba alisema.

Nilijaribu. Kamba ya mgomba ikikauka hujikaza, na mimi nilikuwa nimekaza vizuri. Nilivuta kwa kucha, nikavuta kwa meno, huku akiningoja, kinywa chake kimefunguka upande mmoja kama anayetaka kuliondoa lile neno. Dada alienda jikoni kuleta kisu. Aliporudi nacho, tulikata kamba, lakini baba alikuwa hapumui tena.