Viatu Vyangu Juu ya Meza ya Bi Salma

Jamani, nimejiaibisha mwenyewe, wala sikusukumwa na mtu. Ofisi yetu ya kuagiza vitambaa, hapa Mchafukoge, iliamua kubadilisha mfumo wa kompyuta, na mtaalamu ndiye mimi. Niliringa mpaka chai nikawa naletewa mezani. Mpango wangu ulikuwa rahisi: badala ya kuhangaika na kompyuta moja moja, natengeneza moja tu, nakala ya kila kilichomo naiweka kwenye seva, ile kompyuta kuu, halafu zote zinafanana nayo. Kwa uvivu, nikachukua ya kwangu.

Jumatatu ofisi nzima ikakusanyika. Neema wa mauzo akauliza, "Kaka, umeijaribu kwanza?"

"Dada, kaa kwa kutulia, uone maajabu."

Kompyuta zikawaka zote kwa pamoja. Kwenye kila skrini nikatokea mimi, kwenye ile picha yangu niipendayo: miwani nyeusi, nimekalia kiti cha bosi siku aliyosafiri, viatu juu ya meza yake.

Bosi mwenyewe, Bi Salma, akaitazama skrini. Akaitazama meza yake, pale anapowekaga tende.

"Hivyo viatu," akauliza taratibu, "ulivifuta kwanza?"