Gari Lenye Adabu

Acheni nijicheke mwenyewe kwanza. Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, nilinunua gari la kifahari la Kiingereza, mtumba, viti vya ngozi. Kila nilipolizima lilishuka taratibu, nami nikadhani ndiyo fahari yenyewe, kumbe mipira ya upepo inayolibeba badala ya springi imetoboka.

Nikaenda nalo kijijini Nyamwage kuposa. Mbele ya ukoo mzima nikamwambia baba wa binti, "Tazama, mzee, gari hili lina adabu. Linawainamia wakwe."

Nikalizima, likashuka. Likazidi kushuka, mpaka tumbo likalala mchangani. Nikawasha, nikakanyaga mafuta weee, likanguruma tu bila kuinuka.

Mzee akalizunguka, kisha akanionyesha mkeka. "Kaa, mwanangu. Hili halijainama, limesujudu. Tungoje litoe salamu."