Watoto Wasioitwa Kimotho

Paresh Raichura alizaliwa Nakuru, akasoma Nakuru, na duka lake la kompyuta lilikuwa papo hapo Nakuru, nyuma ya duka la vyuma la babake, mzee Gopal. Shuleni alikaa dawati moja na kina Mbugua na kina Kahiga. Lakini umwulize watoto wa Mbugua wanaitwa nani, hajui, na hakuwahi kuona haja ya kujua. Ndivyo tulivyoishi mji huu: tunauziana misumari, tunasalimiana kwa 'sasa, sasa', kila mtu na kwake.

Mwanzoni mwa 2008, watu walipofukuzwa mashambani kwa ghasia za baada ya uchaguzi wakajaa uwanja wa maonyesho, kamati ya misaada ilimwomba Paresh awatengenezee fomu ya kuwaandikisha. Roho nzuri alikuwa nayo, hilo simnyimi. Akatengeneza ukurasa mmoja: juu unaandika mzazi, chini watoto wake wote, unabonyeza mara moja, na kila mmoja anahifadhiwa kwa rekodi yake. Kazi ilikuwa kuziunganisha hizo rekodi. Njia ya sawa ni mzazi apewe namba, halafu namba hiyo hiyo ibandikwe kwa kila mtoto. Paresh alijua vizuri sana. Lakini walikuwa wanamharakisha, akaona jina la ukoo litatosha. Akajaribu na watu wa nyumbani kwake: Paresh Raichura, Kavita Raichura, Mayur Raichura. Wakaungana bila shida. Akafurahi, maskini!

Wangeci Kimotho alifika kutoka Mau Narok na watoto watatu. Kimotho lilikuwa jina la mumewe, aliyebaki nyuma kuangalia viazi na hajasikika tena. Watoto, kama ilivyo kwa Wakikuyu, walipewa majina ya babu na nyanya zao: Becky Wangare, Micah Mbugua, na kitindamimba Ken Kahiga, aliyekuwa bado anajifunza kuongea. Hakuna hata mmoja aliyeitwa Kimotho. Karani akawaandika wote, akabonyeza, fomu ikasema imehifadhi. Na kweli ilihifadhi: mama asiye na watoto, na watoto watatu wasio na mtu.

Baridi ya hema ikampiga Wangeci kifua, akapelekwa hospitali. Watoto akawaachia jirani. Huku nyuma kamati ikaamua watoto wasio na wazazi wahamishwe hadi makao ya watoto, Gilgil. Jirani alipiga kelele kwamba mama yao yuko hai, yuko wodini. Wakamwambia, mathe, hawa hawana mtu, kompyuta imeonyesha.

Wangeci alirudi akakuta hema tupu. Akaenda moja kwa moja hadi meza ya kuandikisha, ambapo siku hiyo Paresh alikuwa akisaidia.

"Boss, watoto wangu wako wapi?"

Paresh akaandika jina lake, akaangalia. "Mathe, hapa inasema ulikuja peke yako."

"Peke yangu? Ati hawa watoto niliwaokota njiani?"

Akatafuta Wangare. Yupo, hana mzazi. Mbugua. Yupo, hana mzazi. Kahiga, vile vile. Hapo ndipo Paresh alipoelewa. Alichukua ufunguo wa pikapu akamwambia Wangeci apande, waende makao ya Gilgil.

Gilgil walimkuta Chemutai, mwanamke aliyesimamia makao. Becky na Micah walitoka mbio, wakamkumbatia mama yao karibu wamwangushe. Wangeci akawa anaangalia nyuma yao.

"Ken yuko wapi?"

Chemutai akaeleza polepole. Hapa hawakuwa na nafasi ya watoto wachanga. Wale wadogo wasio na ndugu walichukuliwa na gari lingine, likapeleka huyu huku na yule kule. Ken alishushiwa wapi, hakuna anayejua, na jina lake mwenyewe hawezi kulitaja. Wangeci akakaa chini mchangani.

"Mimi nilimshika, mami," Becky akasema, akilia. "Nilimshika sana. Nikawaambia ni wa kwetu. Wakanitoa mikono, wakasema kompyuta inasema si ndugu yangu."

"Kompyuta ya nani?" Wangeci akauliza.

Chemutai hakujua. Becky hakujua.

"Yangu," akasema Paresh.