Mluzi wa Gidamis Mlimani Hanang

Kasian Haule hakuwahi kuvaa buti kazini. Alivaa raba zilizochakaa, kwa sababu hazilii mguuni, na hakuweka sarafu mfukoni. Mwaka 1975 fundi huyu wa kunasa sauti alitumwa Hanang kukusanya sauti za pori kwa vipindi vya redio vya shule: ndege, vyura, upepo, maji.

"Fundi, serikali inakulipa kwa ajili ya vyura?" dereva wake, Isidori, mwenyeji wa kijiji cha Tlawi, alimtania. "Kwetu wanaimba bure."

"Wa kwenu wanaimba ovyo," Kasian alijibu.

Chini ya mlima walipita maboma yaliyohamwa. Wenyeji walikuwa wamepelekwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Milango ilikuwa imeng'olewa. Hakukuwa na sauti ya jogoo, mbwa wala shoka. Kwa kazi yake, Kasian alikiri, palikuwa mahali pazuri sana.

Kijijini, Justina, mke wa mfugaji, aliwasubiri kando ya gari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wanasema mashine yako inakamata sauti."

Mumewe, Gidamis, alikataa kuhama. Siku magari yalipokuja, alipanda msituni na dume lake jeusi, akaacha ng'ombe wengine. Tangu masika hakuna aliyemwona. Ndugu zake walitaka Justina avue bangili za shaba alizovaa siku ya ndoa, msiba uanze. Mke akishazivua, mume amekufa, hata akirudi kwa miguu yake. Justina alikataa kumzika mtu kwa kukisia.

"Kila alfajiri huliita dume lake kwa mluzi," alisema. "Ukiusikia, niletee."

Asubuhi iliyofuata, juu msituni, ukungu ulifunika miti. Kasian alisimamisha maikrofoni, akawasha mashine, akavaa hedifoni masikioni. Mluzi ukaja: mfupi, mfupi, kisha mrefu wa kushuka.

Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, alipiga kelele mbele ya maikrofoni. "Mzee Gidamis!"

Kisha mluzi ule ule ukatoka kushoto. Ukatoka nyuma. Halafu ukatoka pande zote kwa pamoja, wote kwa pumzi ile ile.

"Fundi," Isidori alinong'ona, "tushuke."

Kasian aliinua macho. Juu ya kichwa chake ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa alikuwa akitikisa koo kwa mluzi ule ule. Alimjua ndege huyo: huiga anachokisikia mara kwa mara, na wenzake humwiga yeye.

Njiani Isidori alimsihi. "Mpe mama mluzi wa kwanza tu. Abaki mke wa mtu."

"Atasikiliza wote."

Kasian aliweka mashine juu ya boneti, mbele ya zizi la Justina. Mluzi wa kwanza ulipotoka, mama yule alicheka kwa sauti. "Ndiye! Mkaidi yule! Hata mafua hayajamtoka!"

Ng'ombe waliokuwa wamelala walisimama.

Ukaja wa pili, wa tatu, kisha ile mingi. Kicheko kikakoma. Kasian alimweleza habari za ndege, bila kupunguza neno.

"Mtu akiacha kupiga mluzi, ndege naye huacha?"

"Hapana, mama. Huendelea."

Justina aliinama karibu na mashine. "Dume lake lina kengele shingoni. Halitulii, na yeye haliachi. Rudisha."

Kasian alirudisha kanda, akampa hedifoni, spika ikiwa bado wazi. Justina alisikiliza hadi mwisho, macho yamefumbwa. Upepo. Maji. Mwito wa Kasian. Mluzi kila upande. Kengele, hapana.

"Zima," alisema. "Unawatesa."

Ng'ombe walikuwa wamesukuma miiba ya zizi, wamelizunguka gari, vichwa vimeelekea mashine. Kasian alizima. Justina akaanza kuvua bangili, moja moja, akizipanga juu ya boneti kwa upole, kana kwamba naye hakutaka zilie.

Isidori alipiga honi kuwafukuza, akapiga tena. Hakuna ng'ombe hata mmoja aliyegeuza kichwa.