Kichupa Kimoja cha Kuchagua

Juzi, dukani, msichana muuzaji alinipulizia manukato mkononi akasema, "Hii inakufaa, mama. Iko ya mwanamuke mutulivu." Harufu ile niliijua. Ilinirudisha utotoni, mjini Rumonge kando ya ziwa, chumbani kwa shangazi yangu, alasiri moja kabla ya harusi yake.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Shangazi alikuwa amekaa akifukizwa udi, haruhusiwi kutoka. Uani wanawake walichemsha mawese, na hiyo ndiyo harufu niliyoizoea mwilini mwake, mawese na ndagala, wale dagaa wa ziwani waliokaushwa. Wifi yake, dada wa bwana harusi, akaingia na kichupa.

"Chagua manukato yako, bibi harusi."

"Nachagua nini? Iko moja tu."

Wifi akacheka. "Ndiyo hiyo kaka anapenda."

Akampaka shingoni, mikononi, hata kwenye nywele. Nilimwonea shangazi wivu. Alipoondoka wifi, shangazi akanivuta karibu.

"Ninuse, mutoto wangu. Bado iko mimi?"

"Hapana," nikajibu kwa furaha. "Sasa unanukia kama wageni."

Macho yake yakajaa machozi. Nikashika ncha ya kanga yangu nikampepea, nikidhani ni moshi wa udi.